Waranti ya Miezi Mitatu au Daftari la Gereji?

Maswali ya wasomaji kuhusu magari, na majibu ya fundi wetu

SWALI: Ndugu Fundi, mimi ni mfanyakazi wa bandarini hapa Mombasa. Tangu utotoni nimependa Subaru, kwa sababu marehemu baba alikuwa mpenzi mkubwa wa Safari Rally, na nyumbani alibandika ukutani picha ya Impreza ya buluu ya Colin McRae aliyeshinda mwaka 1997. Sasa nimeweka akiba na nimepata magari mawili. La kwanza ni Impreza WRX STI ya mwaka 2010, ya gia za mkono, iliyopo katika yadi moja Nairobi kwa Sh 1,950,000. Limefungwa ekzosi kubwa, kompyuta ya injini imeongezewa nguvu, na mwenye yadi ananipa waranti ya miezi mitatu ya injini na giaboksi kwa maandishi. La pili ni Forester XT ya mwaka 2015, mali ya mama mmoja wa Nyali. Halijabadilishwa kitu, limetembea kilomita 98,000, na mama ana daftari la gereji lenye kila huduma iliyofanyika tangu alinunue. Yeye anataka Sh 2,250,000 na hatoi waranti yoyote. Rafiki zangu wanasema anayetoa waranti ndiye anayeliamini gari lake. Nifuate lipi? — Msomaji wa Changamwe

JIBU: Ndugu yangu wa Changamwe, lifuate la Nyali, kwa masharti nitakayoyaeleza. Lakini kwanza tuzungumze juu ya hayo maneno ya rafiki zako, maana nimeyasikia kwa wateja wengi, na mimi mwenyewe niliwahi kuyaamini yakanigharimu.

Waranti ni ushahidi wa imani ya muuzaji pale tu ambapo gari likiharibika yeye ndiye atakayeumia mfukoni. Ukitaka kujua kama ataumia, usiulize waranti ni ya miezi mingapi. Iombe karatasi yenyewe kabla hujatoa hata shilingi ya kishika gari, ukae nayo nyumbani, uisome sehemu inayotaja yale yasiyolipwa. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua Impreza yenye turbo katika yadi ambayo sitaitaja, nikapewa waranti kama hiyo yako, miezi mitatu, injini na giaboksi. Siku ya 71, nikiupandisha mlima wa Mazeras, nilianza kusikia mgongano wa chuma kwa chuma chini ya miguu yangu, ukiongezeka kila nilipokanyaga mafuta. Nililivuta gari hadi gereji, nikaifungua filta ya oili, nikaikata kwa mkasi wa bati, na karatasi yake nikaikunjua juani. Katika kila mkunjo palikuwa na vumbi la rangi ya shaba likimetameta. Hizo zilikuwa beringi za konrodi, yaani za ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, zimesagika na kuingia kwenye oili.

Nilirudi yadi na karatasi yangu. Ilisema kwamba waranti haihusu sehemu zinazolika kwa matumizi, wala madhara yanayotokana na upungufu wa oili, wala joto kupita kiasi, wala gari lililohudumiwa nje ya gereji yao. Beringi hulika kwa matumizi, na oili nilikuwa nimeibadilisha mwenyewe. Kwa hiyo kila kinachoweza kuiua injini ya Subaru yenye turbo kilikuwa kimeondolewa kwa maandishi, na kilichobaki ni mambo ambayo hayatokei mara kwa mara. Nililipa mwenyewe.

Ndiyo maana nakuomba ufanye jambo moja na mwenye yadi hata kama umeamua kutonunua kwake, kwa faida ya mwingine utakayemshauri kesho. Mwambie aandike kwenye karatasi kwamba anajua kompyuta ya injini imeongezewa nguvu na kwamba mabadiliko hayo hayataitangua waranti. Watengenezaji wote wa magari ninaowajua hukataa kulipia injini iliyochezewa ikiwa wataona kwamba kuchezewa huko ndiko kulikoiharibu, na mwenye yadi naye atakuwa na kisingizio hichohicho mkononi siku utakapomrudia. Kama anakuuzia gari lililochezewa na papo hapo waranti yake inayakataa magari yaliyochezewa, basi ujue hujapewa kitu.

Sasa tuitazame injini ya STI hiyo, maana haina ubaya wowote ikiwa imetunzwa. STI ya umbo hilo yenye namba ya chesisi inayoanza na GRB ilitoka Japani ikiwa na injini ya EJ207 ya lita 2 na nguvu farasi 308. Ikianza na GRF, basi ni ile ya lita 2.5 yenye giaboksi ya otomatiki, kwa hiyo hiyo ya gia za mkono haipaswi kuwa GRF. Wajapani waliipanga kompyuta ya injini hii kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo oktani yake, yaani kipimo cha kustahimili shinikizo bila kuwaka mapema, inakaribia 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Petroli yenye oktani ndogo ikiingia kwenye silinda yenye shinikizo kubwa la turbo huwaka kabla ya wakati wake, na mlipuko huo huipiga pistoni wakati ingali ikipanda. Gari lisilochezewa huhisi mlipuko huo na kujipunguzia nguvu. Lililoongezewa nguvu na mtu asiyejulikana, kwa kipimo cha petroli isiyojulikana, mara nyingi limepunguziwa uangalifu huo makusudi ili lisikike kuwa na nguvu, na hapo kuta nyembamba za pistoni zinazoshika ringi huvunjika. Mafundi wa Subaru wanajua kwamba silinda ya 4 ndiyo huanza kufa. Tatizo hili linajulikana zaidi kwenye injini za lita 2.5, lakini hakuna pistoni ya injini za familia hii ya EJ inayolipenda.

Juu ya hayo kuna mkanda wa taimingi, ule unaozifanya vali zifunguke na kufungwa kwa kufuata mwendo wa pistoni, unaopaswa kubadilishwa karibu na kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni hugongana na vali, na injini ikafunguliwa yote. Muulize mwenye yadi ulibadilishwa lini, na umwombe risiti. Jibu la mdomo kwamba «upo sawa» lihesabu kuwa haukubadilishwa.

Pia kumbuka kwamba waranti ya miezi mitatu inapimwa kwa kalenda, ilhali uharibifu wa aina hii hupimwa kwa kilomita na kwa joto. Mtu anayeendesha kutoka Changamwe hadi bandarini na kurudi anaweza kumaliza miezi mitatu bila kuipa injini kazi ya kutosha kuonyesha ugonjwa wake, kisha ikafa Desemba akiwapeleka watoto bara kwa babu yao.

Nije kwenye Forester. Nayo si malaika. Ina injini ya FA20 yenye turbo, nguvu farasi 280 kwa zile za Japani, na imetumia mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, jambo linalokuondolea gharama moja kubwa. Petroli yake hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haioshi vali za kuingiza hewa, na masizi hujijenga juu yake taratibu. Hilo husafishika. Udhaifu wake unaostahili wasiwasi ni giaboksi ya CVT, ile isiyo na gia za hatua, na hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitumii. Mwaka 2017 Subaru ya Marekani iliongeza waranti ya giaboksi za CVT kwa modeli kadhaa, baadhi ya Forester za umbo hilo zikiwamo, kutoka miaka 5 au maili 60,000 hadi miaka 10 au maili 100,000. BMW nayo ilifanya vivyo hivyo huko Marekani kwa pampu ya petroli ya shinikizo kubwa kwenye injini ya N54 inayopatikana katika 335i, ikaipa miaka 10 au maili 120,000. Waranti hizo haziwafikii wenye magari yaliyotoka Japani kuja Mombasa, na hutalipwa hata senti kwa kuzitaja. Lakini zinakuambia mtengenezaji mwenyewe alikubali kulipia nini, yaani wapi pa kuangalia kwanza. Kabla ya kununua gari lolote lenye nguvu, tafuta ni kitu gani kilichoongezewa waranti au kurudishwa kiwandani, kisha mwelekeze fundi wako hapo.

Masharti yangu kwa gari la Nyali ni haya. Mwombe mama asiliwashe asubuhi ya siku utakayokwenda. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, panga siku nyingine. Chomoa kijiti cha oili kabla ya kuwasha, uangalie kipimo na rangi, kwa sababu injini hizi za silinda zilizolala hula oili, na mwenye gari asiyejua hilo huiacha ishuke hadi chini ya alama. Liwashe ukiwa umesimama nje upande wa mbele, usikilize nusu dakika ya kwanza. Kisha mwendo wa kwenda Mazeras na kurudi, fundi wako akiwa amekaa kando akishikilia kisoma misimbo, kifaa kinachosoma makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, kilichochomekwa chini ya usukani. Usitosheke na kuona kwamba hakuna kosa lililoandikwa. Kifaa hicho huonyesha pia gari limetembea kilomita ngapi tangu makosa yalipofutwa mara ya mwisho. Ukikuta kilomita 30, mtu amefuta jambo juzi. Kwenye msongamano, pale gari linapotambaa kwa mwendo wa kilomita 20 au 30 kwa saa, sikiliza kama giaboksi inatetemeka kama gari linalopita juu ya matuta madogomadogo. Mtetemo huo ukiwapo, ondoka, au ushushe bei kwa gharama ya giaboksi nzima, si kwa gharama ya kubadilisha oili yake.

Mwombe pia ile karatasi ya mnada wa Japani. Magari mengi yanayofika kwetu yamepitia minada ya huko, na mkaguzi wa mnada huandika daraja la gari kwa namba kama 4.5, 4 au 3.5, herufi ya hali ya ndani, kilomita, na mchoro wa gari wenye alama. Herufi A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipopigwa pati na rangi, XX ni kipande cha bodi kilichobadilishwa. Daraja likiwa R, gari hilo liligongwa na kutengenezwa. Linganisha namba ya chesisi na iliyopo kwenye gari, kisha linganisha kilomita. Kama karatasi inasema 83,000 wakati linauzwa Japani, na leo baada ya miaka mitatu ya kutembea kati ya Nyali na mjini dashibodi inasema 98,000, hesabu inakubaliana. Kama karatasi inasema 120,000, umemaliza ukaguzi. Na usisahau kupitia NTSA, mamlaka ya Kenya inayosajili magari, kuhakikisha kwamba jina la mama ndilo lililopo na kwamba gari halidaiwi na benki.

Kuhusu sheria, Kenya ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, na ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inayomchukulia mfanyabiashara kuwa ameahidi ubora unaokubalika wa kile anachouza. Ulinzi huo wa mwaka 2012 umelengwa kwa mfanyabiashara. Mama wa Nyali anauza gari lake mwenyewe na hafanyi biashara ya magari, kwa hiyo usitegemee kwamba utamrudia baadaye. Hilo ni pungufu la kweli upande wake, nami silifichi. Lakini hata kwa mwenye yadi, kesi ya injini huhitaji mtaalamu wa kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwapo siku ya mauzo, na gari likiwa limechezewa ushahidi huo unakuwa mgumu zaidi.

Tofauti ya bei ni Sh 300,000, nami ningependa uzihesabu fedha hizo kuwa ndizo waranti yako unayoinunua kwa mama, kwa njia ya daftari lake. Daftari hilo lisome ukurasa kwa ukurasa. Ukikuta oili imebadilishwa kila kilomita 5,000 kwa mwandiko wa mafundi tofauti na kalamu tofauti, hilo ni daftari la kweli. Likiwa limeandikwa lote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, piga simu gereji iliyotajwa. Na kama baada ya kulipa bei hiyo hutabaki na akiba ya kutengeneza kitu kikubwa katika mwaka wa kwanza, ningekuomba usinunue lolote kati ya haya mawili bado, ungoje miezi michache. Nasema hivyo nikijua jinsi ulivyolingoja gari hili.

SWALI: Assalaam alaikum, Fundi. Mimi niko Maskati, na nimeona Ford Mustang GT ya mwaka 2018 iliyoletwa kutoka Marekani. Bei yake ni karibu nusu ya ile ya wakala wa hapa. Muuzaji anasema waranti ya Ford ingalipo kwa sababu gari limetembea maili chache. Ninaweza kumwamini? — Msomaji wa Maskati

JIBU: Wa alaikum salaam. Huwezi, ndugu yangu, na hili ni rahisi kulithibitisha. Waranti ya Ford huko Marekani ni miaka 3 au maili 36,000 kwa gari zima na miaka 5 au maili 60,000 kwa injini na giaboksi, kimoja kikitangulia. Hesabu huanza siku gari lilipokabidhiwa kwa mnunuzi wa kwanza. Maili chache haziongezi miaka, na gari la mwaka 2018 limeshaipita miaka hiyo hata kama lilikaa chini ya turubai. Isitoshe, mawakala wa Ghuba huhudumia kwa waranti magari waliyoyaleta wao, yaliyoagizwa kwa viwango vya Ghuba vyenye upozaji unaofaa joto lenu.

Bei ya nusu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kuliko waranti. Magari mengi ya Marekani yanayouzwa kwa bei hiyo ni yale ambayo kampuni ya bima iliyalipa kama yameharibika kabisa, kisha yakauzwa mnadani na kutengenezwa. Gari lenye hati ya namna hiyo huondolewa kwenye waranti ya Ford hata likiwa jipya. Ichukue namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17, uitafutie historia yake ya Marekani kwa huduma za kulipia kama Carfax, na picha za mnada mara nyingi hupatikana kwa namba hiyohiyo. Ukienda kulitazama gari, vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake kabisa. Sehemu ile ya mwisho, isiyotoka siku zote, ndipo mstari wa tope hubaki kwa gari lililozama, na mafuriko ya kimbunga Ian kule Florida Septemba 2022 yalizamisha magari mengi. Kisha fungua swichi bila kuwasha injini na uitazame taa ya mifuko ya hewa. Inapaswa kuwaka sekunde chache na kuzimika. Isipowaka kabisa, huenda balbu imeondolewa ili usijue kwamba mifuko haimo. Gari lenye nguvu farasi 460 lisilo na mifuko ya hewa nakuomba usilinunue kwa bei yoyote, hata wakikupunguzia tena.

Kama Mustang ndiyo unayoitaka, tafuta lililouzwa na wakala wa Omani likiwa jipya, na mwombe muuzaji akupe nakala iliyochapwa ya historia ya huduma kutoka kwa wakala huyo kwa namba ya chesisi. Angalia hasa jinsi giaboksi yake ya gia 10 inavyobadilisha gia za chini gari likiwa limepata moto, kwa sababu malalamiko mengi ya wenye gari hili yapo hapo.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimepata Toyota Altezza RS200 hapa Arusha. Nimemwomba muuzaji fundi wangu apime mgandamizo wa silinda, naye amekataa akisema kufungua plagi kunaharibu injini. Je, ni kweli? — Mwalimu, Arusha

JIBU: Marahaba, mwalimu. Si kweli. Angekuwa anauza Subaru ningemwelewa kidogo, kwa sababu silinda zake zimelala na plagi zimebanwa pembeni karibu na fremu, kazi inachukua muda na mkono huchubuka. Injini ya 3S-GE ya Altezza ina silinda nne zilizosimama kwa mstari na plagi zake zipo juu kabisa, ukishaondoa kifuniko na koili unazifikia. Fundi mzoefu humaliza kipimo kwa muda mfupi. Mpe muuzaji nafasi moja zaidi: mwambie fundi wake mwenyewe azifungue plagi na kuzirudisha, wako ashike kipimo tu, na gharama utalipa wewe. Usomaji wa silinda zote nne ukikaribiana, endeleeni na mazungumzo ya bei. Akikataa hata hivyo, rudisha ufunguo wake siku hiyohiyo.